Faili la Marehemu: Historia ya Vikao vya Madaktari



Mgonjwa akifia hospitalini, sisi Waislamu tuna haraka, na ni haraka ya kheri. Maiti aoshwe, akafiniwe, aswaliwe, azikwe. Mara nyingi jua halijatua kaburi lishafukiwa. Watu wanaokuja kutoa mkono wa tanzia husema siku yake ilikuwa imefika, na hilo hakuna Muislamu wa kulibisha. Lakini kule wadini kumebaki faili. Ndani yake mna saa aliyofikishwa, dawa alizopewa, damu iliyoombwa na saa iliyofika, na sahihi ya daktari kijana aliyekuwa zamu usiku ule. Je, faili lile hutiwa kabatini basi, ama kuna mtu hulifungua tena?

Ziko hospitali ambamo hufunguliwa. Kila wiki au kila mwezi madaktari hukusanyika chumba kimoja, wakubwa kwa wadogo. Registra, yaani daktari aliyekwisha hitimu na sasa anasomea ubingwa, husimama mbele akaeleza: mgonjwa alikuja na nini, tulidhani ana nini, tulifanya nini na saa ngapi, na mwisho wake ulikuwaje. Kisha huulizwa maswali, na maswali yenyewe si mchezo. Wenyewe hukiita kikao cha vifo, ingawa huzungumzwa pia wagonjwa waliopata madhara na wakapona. Vijana wengi wa kwetu sasa wanasomea udaktari, alhamdulillah, na watasimama mbele ya vikao hivi. Familia nyingi hazijui hata kwamba vipo. Kwa hivyo hebu tuifuate historia yake, kwa sababu sehemu yake tunaijua sisi vizuri kuliko wengi, na sehemu nyingine hatuijui kabisa.

Halaka ya Al-Razi

Abu Bakr Muhammad bin Zakariya Al-Razi alizaliwa mwaka 865 katika mji wa Rayy, karibu na ilipo Tehran leo, na akafariki takriban mwaka 925. Aliongoza hospitali ya mji wake, kisha hospitali ya Baghdad. Ibn al-Nadim, katika kitabu chake cha Fihrist, ameeleza vile Al-Razi alivyokuwa akisomesha. Alikaa kwenye majlisi yake, na mbele yake wanafunzi wake, na mbele ya hao wanafunzi wao, na mbele yao wengine tena. Mgonjwa akiingia, alieleza shida yake kwa wale wa kwanza aliokutana nao. Wakiwa na jawabu, vyema. Wakishindwa, hupelekwa kwa safu ya nyuma yao. Wakipatia, vyema. Wakikosea, hapo ndipo Al-Razi mwenyewe huzungumza.

Tazama jinsi mpango huu ulivyo na akili. Mwanafunzi mchanga ndiye anayeanza, si shekhe. Analazimika kufikiri mwanzo, tena kwa sauti, na wakubwa wanamsikia. Lau mkubwa angesema kwanza, wadogo wangeitikia tu "naam", na hakuna ambaye angejua wangekosea wapi. Mpaka leo, kikao kizuri cha hospitali huanza na yule wa chini kabisa.

Lakini lililonivutia zaidi kwa Al-Razi si halaka, ni madaftari yake. Aliandika habari za wagonjwa wake kwa majina, na baada ya kufa kwake maandishi hayo yakakusanywa katika kitabu kikubwa kiitwacho Al-Hawi. Mmoja wa wagonjwa hao ni Abdallah bin Sawada. Mtu huyu alikuwa akishikwa na homa zisizoeleweka: mara zinamjia kila siku, mara siku moja baada ya nyingine, mara baada ya siku nyingi zaidi, pamoja na kutetemeka, na akienda haja ndogo mara kwa mara. Al-Razi alisema mambo ni mawili: ama homa hizi zitageuka kuwa ile inayorudi kila siku ya nne, ama mgonjwa ana kidonda kwenye figo. Haukupita muda mrefu, usaha ukatoka kwenye mkojo. Basi ikawa ni figo, akamtibu, na akapona.

Mtu mwingine angeishia hapo na kujisifu. Al-Razi hakufanya hivyo. Aliandika kwa nini hakukata shauri tangu mwanzo. Mgonjwa alikuwa amewahi kuugua homa za namna ile, kwa hivyo dhana ya homa ilikuwa na nguvu. Tena hakulalamika kwamba akisimama anahisi kama kuna uzito unaoning'inia kiunoni, na hii ni dalili ya figo. Na mimi, akaandika kwa maana yake, nikasahau kumuuliza. Akaongeza kuwa kule kwenda haja mara kwa mara kulitakiwa kumtilia shaka ya figo, ila hakujua kwamba baba yake mgonjwa pia alikuwa na udhaifu wa kibofu.

Soma tena maneno hayo: nikasahau kumuuliza. Huyu ni tabibu mkuu wa zama zake, mgonjwa wake amepona, hakuna aliyemshitaki, na bado anajihoji kwa karatasi ili wanafunzi wake waone pahali fikira ilipoteleza. Kikao cha vifo chote kimo ndani ya sentensi ile, isipokuwa viti tu.

Damascus, na swali la diya

Mwaka 1154 Sultani Nuruddin Zengi aliuteka mji wa Damascus, na kwenye utawala wake ikajengwa hospitali iliyobeba jina lake, Bimaristani ya Nuri. Jengo lake lingali limesimama. Ibn Abi Usaybia, tabibu na mwandishi wa wasifu wa matabibu aliyefariki 1270, ameeleza mwenendo wa daktari mmoja wa pale, Abul-Majd bin Abil-Hakam. Alikuwa akizunguka wadini, akiwatazama wagonjwa mmoja mmoja huku wahudumu wakimfuata, na kila alichoagiza kikiandikwa na kutekelezwa bila kuchelewa. Baadaye alirudi kukaa kwenye ukumbi wa hospitali, vitabu vikaletwa, na madaktari pamoja na wanafunzi wakaja kukaa mbele yake. Wakijadiliana mambo ya tiba kwa muda wa saa tatu hivi. Raundi kwanza, mjadala baadaye. Registra yeyote wa leo angelitambua jambo hilo, ingawa saa tatu zingemtoa jasho.

Ibn Abi Usaybia mwenyewe alijifunza katika hospitali hiyo, na ametaja faida aliyoipata alipowaona mabwana wawili wakitibu pamoja: mwalimu wake Al-Dakhwar, na tabibu Myahudi Imran al-Israili. Walikuwa wakishauriana juu ya mgonjwa huyo huyo, kila mmoja na hoja yake, na kijana kakaa pembeni anasikiliza.

Sasa, mgonjwa akifa je? Hapa kuna habari inayohusu moja kwa moja yale maneno ya matangani. Al-Shayzari, aliyeandika huko Sham katika karne ya 12, zama za Salahuddin, alitunga kitabu cha kumuongoza muhtasibu, yaani msimamizi wa masoko na ufundi. Mlango wa matabibu unaeleza utaratibu huu. Tabibu akimuona mgonjwa aandike ugonjwa na dawa aliyoagiza, na nakala awaachie jamaa mbele ya mashahidi. Kesho yake aje atazame, aandike tena. Mgonjwa akipona, tabibu alipwe ujira wake. Akifa, jamaa wazipeleke zile nakala kwa tabibu mkuu wa mji. Akiona kila kitu kilikwenda sawasawa na ilimu ya tiba, awaambie kwamba ajali ya mtu wao ilikuwa imefika. Akiona kulikuwa na uzembe, awaambie wachukue diya kwa yule tabibu.

Kabla ya hapo, katika karne ya 9, Ishaq bin Ali al-Ruhawi, katika kitabu chake juu ya adabu za tabibu, naye alisisitiza maandishi ya tabibu yawepo ili wenziwe waweze kuyapima.

Mtu atasema, kuhoji kifo ni kupinga kudura. Lakini angalia: maneno "ajali yake imefika" katika utaratibu wa Al-Shayzari hayakuwa mwanzo wa mazungumzo wa kumnyamazisha mfiwa. Yalikuwa hukumu inayotolewa baada ya nakala kusomwa. Anayeamini kwamba ajali iko kwa Mwenyezi Mungu bado alimuuliza tabibu alifanya nini. Na katika Sunan ya Abu Daud imepokewa hadithi ambayo maana yake ni kuwa anayejitia utabibu na hajulikani kwa ilimu hiyo, basi yeye ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Mwaka 931, mtu mmoja alipokufa Baghdad kwa kosa la tabibu, Khalifa al-Muqtadir aliamrisha kila tabibu afanyiwe mtihani na Sinan bin Thabit, na waliopimwa walizidi 860.

Tusijivune kupita kiasi lakini. Al-Shayzari mwenyewe aliunasibisha utaratibu ule na wafalme wa Kiyunani wa kale, wala kuandikwa katika kitabu cha muhtasibu si dalili kwamba kila mji uliufuata. Sinan hakuwa amelelewa katika Uislamu, alitoka jamii ya Wasabia wa Harran. Na huwezi kuchora mstari ulionyooka kutoka Damascus hadi vikao vya leo. Vitabu vilivuka bahari, kama Al-Hawi iliyofasiriwa kwa Kilatini huko Sicily mwaka 1279. Kikao chenyewe kilizaliwa upya mahali pengine kabisa, na uzazi wake ulikuwa mgumu.

Ugomvi wa Boston

Mnamo mwaka 1900 mwanafunzi wa udaktari wa Harvard, Walter Cannon, alichoshwa na mihadhara. Alikuwa akiishi na mwanafunzi wa sheria, na akamuona mwenzake anavyosoma kwa furaha kubwa kwa sababu sheria ilisomeshwa kwa kesi za kweli, zikibishaniwa darasani. Cannon akaandika makala kupendekeza tiba isomeshwe vivyo hivyo. Daktari Richard Cabot wa Massachusetts General Hospital akalipokea wazo hilo. Kikao chake kilikuwa hivi: daktari hupewa habari za mgonjwa asiyemjua, hufikiri mbele ya watu wote hadi afikie kauli, na baadaye mtaalamu aliyeipasua maiti husimama kusema ukweli ulikuwa upi. Kesi hizo zimechapishwa katika jarida la madaktari la pale tangu miaka ya 1920 mpaka sasa. Mwaka 1912 Cabot alitoa matokeo ya maiti 3,000 zilizopasuliwa, akionyesha ni magonjwa gani madaktari hukosea kuyatambua na kwa kiwango gani. Wenzake hawakumshukuru.

Aliyelipa gharama kubwa zaidi ni rafiki wa zama hizo, Ernest Amory Codman, daktari wa upasuaji aliyezaliwa 1869. Wakiwa wanafunzi, yeye na Harvey Cushing walikuwa na kazi ya kuwapa wagonjwa dawa ya usingizi ya etha. Mgonjwa wa Cushing alikufa mikononi mwake. Badala ya kusahau, vijana hawa wawili walianza kuandika kwenye chati mapigo ya moyo na pumzi za mgonjwa kila dakika chache wakati wa upasuaji, wakashindana nani atampa mgonjwa usingizi salama zaidi. Chati inayojazwa leo katika kila thieta, hata Mombasa, hata Garissa, ni mjukuu wa ile.

Codman alipokuwa daktari kamili alikuwa na hoja moja tu, tena nyepesi. Kila mgonjwa aandikiwe kadi, afuatiliwe angalau mwaka mzima baada ya kutibiwa, na iulizwe: amepona? Kama hajapona, kwa nini? Je, ni upungufu wa ilimu na ufundi, ni uamuzi mbaya, ni uangalizi au vifaa, ama ni ugonjwa usio na dawa? Na majibu yatangazwe. Hospitali yake kubwa haikutaka. Basi mwaka 1911 akafungua hospitali yake ndogo mjini Boston, na kati ya 1911 na 1916 akatoa wagonjwa 337, akaandika makosa 123, akayachapisha kwa gharama yake akiwapelekea mahospitali mengine. Hebu fikiria mwenye biashara anayepiga chapa makosa yake na kuyagawa!

Mwezi Januari 1915, katika mkutano wa madaktari aliousimamia mwenyewe, Codman alifunua katuni kubwa ya kiasi cha futi 8. Ilimuonyesha mbuni aliyeficha kichwa mchangani huku akirusha mayai ya dhahabu. Mbuni ni matajiri wa mji, wanaolipa bila kutaka kujua, na wanaookota mayai ni madaktari wa Harvard. Ghasia ikazuka. Alilazimika kuacha uenyekiti, na nafasi yake ya ualimu Harvard ikaondoka. Kwa maoni yangu ile katuni haikuwa busara, maana mtu aliyefedheheshwa hasikii tena hoja. Lakini swali lake halikuwa na jawabu, na wenzake walilijua hilo.

Ushahidi ukaja upesi. Chama cha madaktari wapasuaji wa Marekani, kilichoanzishwa 1913, kiliweka mwaka 1917 kiwango cha chini kabisa cha hospitali. Sharti mojawapo: madaktari wakutane angalau mara moja kwa mwezi, wapitie kazi yao kwa kutazama mafaili ya wagonjwa. Yalikaguliwa mahospitali 692 yenye vitanda 100 au zaidi. Yaliyofikia kiwango yalikuwa 89 tu. Viongozi wa chama walipoona orodha ya majina, wengine yakiwa mahospitali mashuhuri kabisa, waliitia kwenye tanuri la hoteli ya Waldorf-Astoria mjini New York mwaka 1919 kabla waandishi wa habari hawajaipata. Karatasi ikaungua, lakini sharti la kikao cha kila mwezi likabaki.

Codman alikufa 1940, na kaburi lake halikuwekewa jiwe lenye jina. Jiwe liliwekwa mwaka 2014.

Kosa la nani?

Hatua iliyofuata ilitokea Philadelphia. Mwaka 1935 madaktari wa dawa za usingizi wa mji huo waliunda kamati ya kupitia vifo. Kesi zilisomwa mbele ya madaktari wa mahospitali mbalimbali, na kila kifo kikaulizwa swali moja: kingeweza kuzuilika ama hapana? Faida yake ni kwamba kosa la hospitali moja likawa somo la mji mzima. Uingereza ikaenda mbali zaidi: tangu mwaka 1952, vifo vya wazazi vya England na Wales vilianza kuchunguzwa kitaifa kwa siri, bila kumtaja mgonjwa wala daktari. Mwaka 1983, chombo kinachosimamia mafunzo ya madaktari wa ubingwa Marekani kilifanya vikao hivi kuwa sharti la mafunzo.

Kuwekwa sharti si kufanywa vizuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulitazama vikao vya hospitali kadhaa za Marekani. Katika idara za upasuaji, kesi zilizohusu madhara ya matibabu zilikuwa 72 kwa mia. Katika idara za magonjwa ya ndani zilikuwa 37 kwa mia. 

Na kuna hatari ya upande wa pili: kikao kikageuka baraza la kumchinja kijana. Registra aliyelala masaa mawili anasimama, mkubwa anamkaripia mbele ya wanafunzi, watu wanacheka. Unadhani mwezi ujao ataleta kesi ngumu? Ataleta ile isiyo na lawama. Kwa hivyo vikao vinavyofaa huanza kwa saa na matukio, si kwa majina. Damu iliombwa saa nne, ikafika saa saba: ilikuwa wapi masaa matatu? Nani mwenye ufunguo wa friji? Simu ya mkubwa ilipigwa mara ngapi? Mara nyingi hukuta kijana alikosea, ndio, lakini alikosea katika mlango ambao wengine watano walikwisha uacha wazi. Kisha huandikwa nani atarekebisha nini na kufikia tarehe gani, na kikao kijacho huanza kwa kuuliza kama kimefanyika. Kisipouliza hivyo, basi ni hadithi tu.

Mwanazuoni wa jamii Charles Bosk, aliyekaa na wapasuaji akiwatazama, alionyesha katika kitabu chake cha 1979 kwamba wakubwa walisamehe upesi kosa la mkono, likisemwa na lisirudiwe rudiwe. Wasilosamehe ni kuficha. Kwa registra Muislamu hilo si geni, anajua tofauti ya khatau na khiyana.

Mafaili yetu

Kuna jambo linatuhusu sisi hasa. Cabot alikuwa na maiti zilizopasuliwa za kumkosoa. Familia zetu nyingi hazikubali upasuaji wa maiti isipokuwa sheria ilazimishe, na maziko hayangoji. Basi shahidi anayebaki ni faili. Daktari asipoandika saa, asipoandika presha, asipoandika alichoambiwa na mama wa mgonjwa, hakuna kitakachomsemea marehemu. Familia nayo ina mchango: ina habari ambazo faili halina, kama vile safari ilichukua masaa mangapi na zahanati ya kwanza ilisema nini.

Hapa Kenya, uchunguzi wa siri wa kitaifa wa vifo vya wazazi ulitoa ripoti yake ya kwanza mwaka 2017. Wataalamu, wakunga kwa madaktari, walisoma mafaili ya akina mama waliofariki mwaka 2014, majina yakiwa yameondolewa. Kisababishi kikubwa kilikuwa kutoka damu. Na katika zaidi ya vifo 9 kwa kila 10 walikuta upungufu katika huduma, mahali ambapo kutenda tofauti pengine kungebadilisha mwisho. Vifo vilivyoripotiwa kwa mwaka ule vilikuwa 945. Mafaili yaliyopitiwa yalikuwa 484. Akina mama 461 hawamo katika hesabu ile.